Hapa Anachekesha

Cha nyumbani hakipandi jukwaani. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea mchekeshaji aliyeitwa Taratibu, na kwa miaka mingi aliishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Hakuwahubiria wenzake. Alikuwa tu amemwona mchekeshaji mwingine akipanda jukwaani kila Jumamosi na habari za mke wake, anavyokoroma, anavyogomba, anavyoficha sukari, na watu wakicheka mpaka wanashikana mabega. Halafu siku moja mke yule akaja ukumbini kumletea mumewe koti, na watu wa viti vya mbele wakaanza kukoroma. Mama wa watu akaliweka koti juu ya kiti, akatoka. Taratibu alikuwa nyuma ya pazia, akaona uso wake. Akajiapiza kwamba kwake hilo halitatokea.

Alihitaji sheria hiyo kuliko wengine, kwa sababu ya aina ya kipaji alichokuwa nacho. Hakuwa mchekeshaji wa makelele. Alipanda jukwaani na shuka kubwa la kitanda, akajaribu kulikunja peke yake. Basi, hakuna zaidi. Ncha moja ameshika kidevuni, nyingine amebana magotini, na katikati shuka linafanya linavyotaka, naye halikasirikii, analibembeleza kama mtoto anayegoma kuoga. Watu walilia kwa kucheka, na yeye hajasema neno. Katika vichekesho vyake alikuwa pia na karani anayetafuta mhuri alioushika mkononi. Alikuwa na mtu wa foleni anayejifanya hajui kwamba amepita mbele ya mwenzake. Akikutazama mara moja unavyofunga kifungo cha shati, kesho angekifunga vile vile jukwaani na mama yako mzazi angekutambua. Mtu wa namna hiyo akikaa nyumbani bila kiapo, nyumba nzima inaishi na mwizi.

Nyumbani kwake, kwa maana ya kweli, palikuwa kwa dada yake. Alikuwa na chumba chake mtaa wa pili, lakini aliyemlea baada ya mama yao kufariki ni dada, na chai ya asubuhi aliendelea kuinywa kwa dada hata alipoanza kuota mvi. Dada huyo alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake, na kwa kuwa hakuwa na meza kubwa, vitambaa vipana alivitandaza sakafuni akavikata akiwa amepiga magoti. Kwa hiyo sakafu yake ilikuwa safi kuliko sahani za watu wengine. Mteja, awe mwalimu, awe mke wa mkubwa, alivua viatu mlangoni.

Adhuhuri moja majambazi watatu waliingia na mapanga. Dada alikuwa peke yake, ametoka kupiga deki, sakafu haijakauka. Mtaa mzima ulijua kwamba aliibiwa cherehani na vitambaa vya watu. Kilichotokea katikati hakuna aliyekijua, isipokuwa mdogo wake, ambaye dada alimwambia siku kadhaa baadaye, mlango umefungwa.

"Nilipowaona," alisema, "nilisikia mdomo wangu unasema, jamani, viatu. Nimepiga deki sasa hivi."

"Dada!"

"Wallahi. Na yule mdogo wao akavua. Kandambili zake akaziweka pembeni, vizuri, zinaangalia nje."

Wakacheka wote wawili. Walicheka mpaka Taratibu akajilaza kwenye mkeka. Kisha dada akaacha kucheka, na yeye akaendelea kidogo peke yake kabla hajagundua.

"Mkubwa wao akasema, basi piga deki tena. Akakanyaga makusudi, na tope lake. Nikachukua tambara nikapiga magoti, nikawa nafuta nyayo zao nyuma yao, huku wanabeba cherehani yangu wanapita. Walipotoka mimi bado nafuta. Sikupiga kelele. Jirani yuko pale pale, ningepiga kelele angesikia. Mimi nafuta."

Taratibu akasogea karibu. Akamshika mkono.

"Hili lisitoke humu ndani," dada akasema. "Nakujua wewe. Una macho kama mkasi."

"Cha nyumbani hakipandi jukwaani, Dada. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia wewe."

Miaka ikapita. Dada alinunua cherehani nyingine, wateja wakarudi, viatu vikaendelea kupangwa mlangoni.

Filamu ilimkuta Taratibu akiwa amechoka. Ukumbi wao wa zamani ulikuwa umegeuzwa duka la vigae, na kazi zilizobaki zilikuwa za kuchekesha kwenye sherehe za kustaafu na ufunguzi wa maduka, ambako watu wanakula huku wamempa mgongo, na katikati ya kukunja shuka mhudumu anakatiza na sinia. Magoti yalikuwa yameanza kumlalamikia. Alikuwa ameanza kujiuliza kama watu walicheka kweli miaka ile au alikuwa kijana tu. Mwongozaji mmoja alipomwita kwenye filamu ya mapigano na vichekesho, yeye ndiye nyota, alikubali kabla hajausoma mswada.

"Filamu!" dada alisema. "Basi nitajishonea gauni. Siendi kukaa ukumbini kama mpiga deki."

Alilisema neno hilo bila kuwaza, wakatazamana, wakacheka kidogo. Lilikuwa neno lao.

Mswada aliusoma akiwa amekaa kitandani, na alipofika mwisho akaurudia, akidhani ameruka kurasa. Mesenja wa ofisi anabeba begi lisilo lake. Ndani mna almasi. Majambazi wanamfukuza mpaka mwisho wa filamu. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aweke almasi kwenye begi linalofanana na la mesenja, mswada haukusema. Kwa nini majambazi wenye bunduki zote zile hawampati mtu mmoja anayekimbia mbele yao barabara nyoofu, haukusema pia. Magari yalielezwa kwa ukarimu, rangi zake na yanavyopinduka. Mesenja mwenyewe hakuelezwa chochote. Na kila palipohitaji kichekesho, palikuwa na maneno mawili: *Hapa anachekesha.*

Alikwenda kumwona mwongozaji, ambaye ndiye aliyeuandika.

"Bosi, hapa nachekesha nini?"

"Kaka, ningejua ningekuita wewe?"

Waliokuwapo wakacheka, na Taratibu naye akacheka kwa adabu.

"Nauliza kweli. Huyu mesenja ni nani? Ana mke? Anaishi na nani? Anaogopa nini?"

"Anaogopa risasi, bwana. Wewe una kipaji, mimi nina magari. Tukutane katikati."

Nasema wazi kwamba hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na halikuwa la Taratibu. Mtu anayeandika "hapa anachekesha" ni sawa na mwashi anayechora nyumba akaandika "hapa pasianguke." Amejivua kazi yake akamvisha mwenzake. Lakini kosa la pili lilikuwa la Taratibu. Aliuona utupu ule kwa macho yake, akautia saini.

Walipiga picha katika ghala lililoachwa, katika uwanja wa magari mabovu, na barabara iliyofungwa kwa kamba na viti vya plastiki. Kazi yenyewe ilikuwa kungoja. Wanangoja gari liwake, wanangoja moshi wa matairi upungue, wanangoja mama mmoja atoe nguo zake kwenye kamba. Taratibu alikaa kwenye kivuli cha ukuta na suti ya mesenja iliyokuwa ikimbana makwapani, akitunga. Alitunga kwamba mesenja, katikati ya kufukuzwa, anasimama kufunga kamba ya kiatu na kila mara inafunguka ya mguu mwingine. Ni kichekesho kizuri, lakini kinataka muda, kinataka mtu amtazame mesenja mpaka amwonee huruma.

"Haraka, haraka!" mwongozaji akapaza sauti. "Unafukuzwa, kaka, au uko sokoni kununua viatu?"

Kikafupishwa mpaka akawa anainama tu na kuinuka. Hakuna aliyecheka.

Rafiki yake pekee mahali pale alikuwa baunsa wa miraba minne waliyemwita Kontena, aliyeigiza mkuu wa majambazi. Nje ya kamera alikuwa mtu mpole, anasema samahani akimpita mtu.

"Mzee, leo nikupige teke la kweli au la sinema?"

"La sinema. Tena la sinema ya bubu, nisilisikie."

"Mzee wewe unachekesha sana. Mbona kwenye kamera huchekeshi?"

Hakusema kwa ubaya. Taratibu alilibeba swali hilo mpaka nyumbani, akalala nalo.

Alasiri ya mwisho walikuwa katika nyumba ya kukodi. Mesenja yuko sebuleni, mlango unapigwa teke, majambazi wanaingia na viatu vya tope. Ukurasa ukasema maneno yake yale mawili. Mlango ule ulikuwa umevunjwa na kupigiliwa tena mara nyingi hata fremu ilikuwa imelegea kama jino. Taratibu alijaribu kujificha nyuma ya pazia fupi. Akajaribu kuwakaribisha viti. Akajaribu kuzimia, akachelewa kuanguka. Mshika kipaza sauti akapiga miayo, na miayo ikasikika kwenye sauti, wakarudia.

"Jua linatukimbia," mwongozaji akasema. Akavua kofia, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Naye alikuwa amechoka, na pengine hakukusudia kuumiza. "Kaka, mimi sikulaumu. Pengine watu walikusifu tu. Turudie mara moja, halafu tutaweka muziki."

Mfa maji haachi kutapatapa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba anaruhusiwa kumshika yeyote aliye karibu akamzamisha. Mtu mzima aliyeambiwa ameishiwa anaweza kujibu, "Ndiyo, leo sina," akaenda nyumbani. Ni maneno matatu tu. Taratibu hakuyasema. Alirudi mahali pake, akafuta jasho, mlango ukapigwa teke, Kontena akaingia na mabuti.

"Jamani, viatu," Taratibu akasema. "Nimepiga deki sasa hivi."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa laini, ya adabu, yenye kuomba radhi, sauti ya mtu ambaye woga wake umekimbia na kuacha malezi yake mlangoni. Kontena akasimama. Hakuambiwa na mtu, akainama akaanza kuvua mabuti, na soksi yake ilikuwa na tundu la kidole gumba. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mshika kipaza sauti akalazimika kutoka nje. Mwongozaji alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka.

"Hiyo! Hiyo hiyo! Tena, na sasa iendeleze!"

Tuseme maneno yale ya kwanza yalimponyoka. Mimi siamini sana mambo ya kuponyoka, lakini tuseme. Kilichofuata hakikumponyoka. Aliomba ndoo na tambara. Akasubiri viletwe. Mlango ulipopigwa tena alisema maneno yale, kisha akachomeka ncha ya shati kiunoni kama mwanamke anavyochomeka upindo wa gauni, akapiga magoti, akafuta nyayo za majambazi nyuma yao hatua kwa hatua, mkono wa kulia ukienda nusu duara, wa kushoto ukizuia kitambaa kisichokuwepo kisiguse maji. Ule ulikuwa mkono wa fundi cherehani. Alikuwa ameuona maisha yake yote.

Walipokuwa wanakunja nyaya, alimfuata mwongozaji.

"Bosi, ile ya deki. Naona tuitoe."

"Umelewa? Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Mengine yote ni magari."

"Ni jambo la mtu."

"La nani? Umemtaja jina? Ana hati ya kumiliki deki?"

Taratibu akatazama chini. "Basi," akasema.

Miezi ikapita kabla filamu haijatoka, na kila asubuhi alikwenda kunywa chai. Dada alikuwa amenunua kitambaa cha buluu na alikuwa anakishona vipande vipande, kati ya kazi za wateja.

"Filamu inaendaje?"

"Inaenda."

"Unakufa mwishoni? Niambie, nisije nikapiga kelele watu wakacheka."

"Sifi, Dada."

Kila asubuhi alifungua mdomo, na kila asubuhi akautia chai. Angesema hata siku ya kuamkia onyesho, dada angelia, angemtukana, asingekwenda. Aliacha aende, amevaa gauni jipya, akaketi safu ya tatu kati ya wateja wake wawili aliowaalika kwa fahari.

Ukumbi ulikaa kimya karibu saa nzima. Magari yalipinduka, watu wakatafuna bisi. Kisha mlango ukapigwa teke, na ukumbi ukalipuka. Mteja wa kulia alimpiga dada paja kwa furaha. "Ndugu yako huyu! Ndugu yako jamani! Kama wewe na sakafu yako!" Taratibu alikuwa amesimama ukutani, na badala ya kutazama skrini alimtazama dada. Aliona anacheka kidogo na wengine, kwa mazoea, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Halafu mesenja akachomeka shati kiunoni na kupiga magoti. Dada akatazama mikono yake mwenyewe, akaikunja mapajani, moja juu ya nyingine. Hakutoka. Alikaa mpaka taa zikawaka, akawapigia makofi waliopigiwa makofi, akawashukuru waliompongeza.

Asubuhi yake Taratibu alikwenda. Chai ilikuwapo mezani, imefunikwa.

"Dada."

"Kunywa, itapoa."

"Dada, karatasi ilikuwa tupu. Ningekuonyesha ungeshangaa. Palikuwa hakuna kitu, kitu chochote, na watu wote wananitazama. Ningefanyaje?"

"Ungekaa kimya." Alikuwa anatia uzi kwenye sindano na hakuinua macho. "Si ndiyo kazi yako? Wewe si ulikuwa unakaa kimya watu wanacheka?"

"Hakuna anayejua kama ni wewe."

"Mimi najua. Na sasa siwezi hata kukasirika mbele za watu, maana nikikasirika watajua." Akaupitisha uzi. "Mimi nilidhani nimemwambia mdogo wangu. Kumbe nilimwambia mchekeshaji."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kunywa chai."

Na alikuwa amemsamehe kweli, wala sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini maneno yale yalikuwa yamekwisha kutoka. Vijana walitaniana nayo mitaani, makondakta waliwaambia abiria, na katika chumba cha mbele kila mteja aliyefika mlangoni aliinua mguu mmoja, akaigiza sauti: "Jamani, viatu!" Walicheka, wakamngoja fundi acheke. Alicheka mwanzoni. Baadaye akawa anawaambia, "Pita tu, pita na viatu." Alinunua meza ya kukatia, ndogo, inayoyumba, na vitambaa vipana akaacha kuvipokea.

Mtangazaji mmoja wa redio aliizungumzia filamu ile. Akasema ni filamu mbovu, isipokuwa dakika chache za deki, na kwamba Taratibu ni mchekeshaji mwenye kipaji kikubwa aliyeangushwa na mswada dhaifu. Taratibu aliyasikia akiwa kwa kinyozi, na watu wakamgeukia, wakasema, pole sana, mzee, umedhulumiwa. Aliitikia kwa kichwa. Ni kweli mswada ulikuwa dhaifu. Lakini mswada haukujua habari za dada yake. Aliyezijua alikuwa mmoja.

Baadaye alirudi kwenye shuka lake, kwenye sherehe za kustaafu. Watu wanamkatiza. "Piga deki, mzee!" wanaita. Yeye anaendelea kukunja.

Asubuhi bado anakwenda kwa dada. Wanaongea habari za hali ya hewa, za bei ya uzi, za jirani aliyehama. Dada akiulizwa hali anasema ni njema. Mwaka uliopita aliumwa, akapasuliwa, akapona, na Taratibu akazipata habari hizo kwa mteja. Dada yake hajamwambia tena jambo lolote linalomhusu yeye mwenyewe.